Nguo Isiyo na Fundo

Saemgol,
Chungcheong Kusini,
Korea.

6 Aprili 2006

Mpendwa Dada Jeong-im,

Nakusalimu kutoka veranda ya Mama, ambako nimetoa meza ndogo ya chakula niandikie. Natumaini goti lako limetulia tangu walipokufungua bandeji, na kwamba shemeji Volker ameacha kupanda paa peke yake kusafisha mifereji. Mtoto wa Hanna ameshaota meno? Mama anauliza kila siku, utadhani meno huharakishwa kwa kuulizwa.

Sisi huku tu wazima. Mama ana hamu ya kula, analala vizuri, na bado anatembea mbele yangu tukiwa njiani. Niko naye tangu Jumatano ya Majivu. Gazeti lilinistaafisha kwa shada la maua na saa ya ukutani, nikaona nije nivitundike huku.

Hali ya hewa ni ile unayoijua. Katikati ya Machi jua lilitudanganya, magnolia ya kigangoni ikachanua yote, kisha ile baridi tunayoiita wivu wa maua ikarudi na asubuhi petali zilikuwa za kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Baada ya hapo likaja vumbi la njano kutoka Mongolia. Tumefua shuka, tumeanika, tumefua tena.

Kaburi la Baba tumelifyeka leo asubuhi. Nyasi zimeshika vizuri upande wa jua. Upande wa pili kuna fuko, na Mama amemwachia maneno makali shimoni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Siku ya Pasaka, mdogo wetu Sang-gu atakupigia. Atakutakia heri, kisha atakuuliza kama unakubali Mama apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule mjini. Jina ameshaliandikisha, na kitanda kitakuwa wazi baada ya sikukuu. Amesema wewe ukikubali, atampeleka Jumatatu ya Pasaka. Ukikataa, hatampeleka. Unajua mwenyewe kwamba tangu ulipomsomesha kwa kuuguza wadi ya usiku huko Essen, neno lako kwake ni neno la Baba.

Atakwambia kwamba Mama anatembea barabarani amevaa sanda. Asili yake ni kweli. Lakini nusu ya habari ni mbaya kuliko habari ya uongo, kwa hiyo nakuomba usome hii kwanza.

Kwaresima hapa haijabadilika sana. Tunakula supu ya maharage yaliyochacha na mboga za porini, kimchi ya kabichi ya tangu baridi ambayo sasa ni chachu hadi macho yanafumba, na wali. Nyama Mama haigusi mpaka Pasaka, si Ijumaa tu. Kila Ijumaa mchana kigango kizima kinapanda kilima nyuma ya kanisa kwa Njia ya Msalaba, na kigango kizima sasa ni wajane, mzee Matia mwenyekiti, na mimi. Wanawake huvaa suruali zao za kijivu za pamba nzito, koti la shambani na shela nyeupe kichwani. Hakuna anayepaka rangi ya midomo. Hata Lusia ameacha, na Lusia mwaka jana alikaribia kufa hospitalini akiwa nayo.

Ijumaa ya kwanza Mama alitoka chumbani amevaa nguo ya katani, sketi na blauzi ya kufunga kwa kamba, rangi yake ya asili, manjano ya majani makavu. Mikono ya blauzi ilimeza viganja vyake. Sketi ilikuwa ndefu, ameikunja kiunoni na kuifunga kwa uzi wa gunia. Nilimwambia katani ni ya kiangazi. Akasema ndani amevaa vya kutosha. Nilimwambia itamwasha shingo. Akasema ndiyo Kwaresima.

Kigangoni walimwangalia. Matia, ambaye hana neno baya kwa mtu, alisema hivyo ndivyo bibi zetu walivyovaa walipokuwa wakificha imani milimani. Lusia akamwambia Mama, "Agata, unatuaibisha sisi wenye zipu." Wakacheka. Ijumaa ya pili walimsifu. Ya tatu, mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto aliuliza kitambaa kinapatikana wapi. Mama akatangulia. Alipanda kilima taratibu, akapiga magoti kila kituo, akashuka. Nami nilifurahi kuwa mama yangu anasifiwa, nikaacha kuuliza.

Ijumaa iliyopita ilikuwa na upepo.

Sasa watu wanasimulia kwamba ilitokea kituo cha kumi, pale Yesu anapovuliwa nguo. Nimeshaisikia hivyo dukani na kwa dereva wa basi. Si kweli. Tulikuwa tumetoka cha saba tunaelekea cha nane, pale njia inapotoka kwenye misonobari na upepo unakupata ubavuni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mama aliinua mkono wa kulia kuishika shela isipeperuke, na mkono wa nguo ukaachia begani. Haukuchanika. Uliachia kuanzia kwapani, uzi ukitoka mzima, kama gunia la unga linavyofunguka ukipata ncha ya kuvuta. Ukateleza kwenye kiwiko, ukapita kiganja, ukaanguka kwenye majani makavu.

Lusia aliuokota. Lusia ameshona sanda za kijiji hiki tangu Baba yu hai. Aliugeuza ndani nje, akatafuta mwisho wa uzi kwa ukucha, kisha mwisho wa pili. Akasema kwa sauti ndogo, lakini upepo ulikuwa umetulia na kila mtu alisikia.

"Hauna fundo."

Umekaa ugenini muda mrefu, kwa hiyo nikukumbushe. Nguo ya aliye hai hufungwa fundo uzi unapoanza na unapoisha. Nguo ya maiti haifungwi fundo popote, ili anayekwenda asizuiwe. Ndiyo maana haidumu. Haikushonwa idumu kwa mtu anayeinua mikono.

Mwanamke wa ng'ambo ya mto alikaa chini pale pale kwenye majani. Mwingine alifanya ishara ya msalaba, akaifanya tena, akasahau kuimaliza. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na mambo mabaya na kuyaangalia. Pale niliangalia pembeni.

Mama alinyoosha mkono. "Nipe, Lusia."

"Agata. Umevaa nini wewe?"

"Nimesema nipe."

Aliukunja ule mkono wa nguo, akaubana kwapani. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa na fulana nyekundu tu, ile ya joto niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza, imepauka hadi kuwa rangi ya kamba wa kuchemsha. "Matia," akasema, "soma. Baridi inaingia." Matia akasoma. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kama redio mbovu. Tulimaliza vituo vyote kumi na vinne, Mama mbele, mkono mmoja mwekundu, na hakuna aliyethubutu kumkaribia.

Lusia alikuwa amempigia Sang-gu kabla sijavua viatu mlangoni.

Alikuja kesho yake na mbavu za ng'ombe kwenye boksi la barafu, kwa sababu mdogo wetu akiwa na hofu hununua nyama. Mama aliziweka kwenye jokofu, akamwekea supu. Nakuandikia mazungumzo yao kama yalivyokuwa.

"Mama, unajua ile ni nguo gani?"

"Najua. Wewe unajua?"

"Ni sanda."

"Basi tumeelewana. Kula, inapoa."

"Mama, watu wamekuona. Barabarani, mchana. Unafikiri wananiambiaje mimi?"

"Jumatano ya Majivu kila mtu alipakwa majivu kichwani akaambiwa atarudi mavumbini. Sikuona mtu akimpigia mwanawe simu."

Sang-gu aliweka kijiko chini. Alinifuata nje nilipokuwa nikimwaga maji.

"Dada, umemsikia?"

"Nimemsikia. Amejibu vizuri."

"Ndicho kinachonitisha. Niko kwenye duka la dawa kila siku, nawaona. Wanaanza hivi hivi. Maneno yamenyooka, matendo yamepinda. Juzi sufuria, leo sanda, kesho nitapigiwa simu kwamba yuko mtoni."

Habari ya sufuria ni kweli. Aliacha maji jikoni hadi yakakauka, na nimeiona mwenyewe ikitokea tena nikiwa hapa. Siku moja pia alimtafuta marehemu mume wangu kwa jina la Volker. Nayaandika kwa sababu Sang-gu atayasema, na ana haki ya kuyasema. Jumamosi ile, nikiwa nimesimama na ndoo, nami niliamini kwamba akili ya Mama imeanza kuondoka. Nilimwambia Sang-gu akuulize.

Jumatatu Mama alishuka bondeni kuchuma pakanga changa za mboga. Nikaona nitumie nafasi hiyo kuirudisha ile nguo sandukuni, ili isiwe mbele ya macho yake. Niliitoa kwenye msumari nyuma ya mlango, na mkono wake uliokunjwa, nikafungua sanduku kubwa la chini.

Sanda ya Mama ilikuwa mle ndani.

Yote, Dada. Ile uliyoigharimia wewe katika ule mwezi wa nyongeza wa kalenda ya mwezi unaofaa kushonea sanda, mwaka juzi. Sketi, blauzi, joho la juu, soksi, vifuniko vya mikono, kitambaa cha uso, vimekunjwa kwenye karatasi nyeupe na majani ya tumbaku katikati kuzuia nondo. Mikono yote miwili ya blauzi ipo. Karatasi ina mikunjo ile ile ya siku ilipofungwa. Haijaguswa.

Nilikaa sakafuni na sanda mbili mapajani. Nilizilinganisha sketi. Ile ya msumarini ilikuwa ndefu kuliko ya Mama kwa upana wa kiganja. Tangu mwanzo wa Kwaresima nilikuwa naiona ameikunja kiunoni, nikajisemea wazee husinyaa.

Nilishuka bondeni. Alikuwa amechuchumaa kwenye kingo za mfereji na kile kisu chake kifupi, kikapu kimejaa nusu.

"Mama, ile nguo ni ya nani?"

Alikata shina jingine, akapuliza udongo. "Ya Kolumba."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Mliuliza kama nina akili."

Unamkumbuka Kolumba, yule mrefu wa nyumba ya juu, aliyekuwa akitupatia matunda makavu ya persimoni juu ya ukuta wa ua. Yeye na Mama walifiwa na waume katika mwaka mmoja, na tangu hapo walipanda kilima pamoja kila Ijumaa ya Kwaresima, Kolumba akichukua hatua moja Mama akichukua mbili. Sanda zao walizishona pamoja sebuleni kwa Mama, katani ya jora moja. Mama anasema walikuwa wakipimana mabega na kucheka hadi Lusia akawakemea kwamba wanaleta mkosi.

Mwaka jana watoto wa Kolumba walimpeleka kwenye nyumba ya wazee. Ni ile ile aliyoichagua Sang-gu. Sijui kama Sang-gu alijua, na mimi sikuwa nikijua.

Mama alikuwa akienda kumtembelea. Basi linaishia sokoni, sehemu iliyobaki anakwenda kwa miguu. Anasema mara ya kwanza alimpita Kolumba koridoni bila kumtambua, kwa sababu alikuwa amevaa sweta la maua lenye jina la mtu mwingine kwenye kola. Mara ya pili alikuwa na suruali inayomwishia chini ya magoti. Nilimuuliza Mama alisema nini. "Nilimuuliza za kwako ziko wapi. Akasema, zinatembea na watu wengine. Akacheka. Unamjua Kolumba, hucheka kwanza."

Kila mara Kolumba aliuliza kitu kimoja, Kwaresima inaanza lini. Hawaruhusiwi kutoka peke yao. Mama alimwahidi kwamba mwaka huu atakwenda kumchukua, hata kwa kumwibia, wapande pamoja.

Alifariki kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi. Mazishi yalifanyika kule kule mjini, katika ukumbi wa hospitali, na wakamvika nguo inayouzwa pale ukumbini. Watoto wake walisahau kwamba nyumbani kuna sanduku. Walilikumbuka walipokuja kusafisha nyumba. Mwanawe mkubwa alimletea Mama kifurushi cha sanda na magodoro, akamwomba avichome pamoja na vitu vingine vya marehemu.

"Magodoro nilichoma," Mama alisema. "Ile nilishindwa. Mtu ameshona nguo yake mwenyewe, hajaivaa hata siku moja, halafu niichome kama tandiko la mbwa?"

"Ukaamua kuivaa."

"Nilimwahidi tutapanda. Yeye hawezi kuja, nguo yake inaweza. Kwaresima ikiisha nitaichoma. Padre huwasha moto mpya nje ya kanisa Mkesha wa Pasaka. Moto ule unatosha."

Kisha akaniambia nisikanyage pakanga.

Sikutaka kukuandikia maneno ya Mama peke yake. Jana nilipanda basi nikaenda kwenye hiyo nyumba. Sikujitambulisha kama mtu wa gazeti, maana mimi si mtu wa gazeti tena. Nilisema ninamtafutia mama yangu nafasi.

Ni pasafi. Pana joto. Sakafu hazitelezi, chakula kina harufu nzuri, na muuguzi aliyenitembeza alikuwa akiwaita wazee kwa majina bila kuangalia ubao. Vitanda vitatu kila chumba, dirisha linatazama mlima. Nilitafuta ubaya sikuupata. Nguo, alinieleza, hufuliwa pamoja, ni nyingi, majina huandikwa kwa wino lakini wino hufifia, na mtu akifariki na familia isichukue vitu vyake, vizuri huendelea kutumika. Alisema bila kuona haya, na sioni kwa nini angeona haya. Ni watu wachache wenye kazi nyingi.

Tulipokuwa tukirudi mlangoni nilimpita bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mfupi, mikono midogo. Alikuwa amevaa kizibao cha bluu cha pamba nzito kilichomfika karibu magotini. Kwenye bega la kushoto kulikuwa na kiraka cha kijani. Dada, kiraka hicho nakijua. Mama alikikata kwenye pazia letu la jikoni la zamani, lile lenye majani ya mianzi, na alikishona mbele yangu juu ya kizibao cha Kolumba.

Nilisimama. Muuguzi aliniuliza kama ninajisikia vibaya. Yule bibi alinitazama akatabasamu, akapapasa kile kiraka. Nilimwambia kizibao chake kizuri. Akasema, "Si changu. Lakini mwenyewe hajaja kukidai."

Sikukiomba. Nilirudi kituo cha basi, na vumbi lilikuwa zito hadi taa za magari zimewashwa mchana.

Jioni nilimpigia Sang-gu nikamsimulia yote, sanduku, Kolumba, kizibao. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Hata hivyo, Dada." Nikamwambia aendelee. Akasema barafu ya uani haijali sanda ni ya nani. Akasema gesi haijali. Akasema alipofika Jumamosi alikaa ndani ya gari kwanza kwa sababu hakutaka kuingia na kukuta kitu. Mdogo wetu si mkatili. Anaogopa simu ya jirani, na amekuwa akiiogopa kwa muda mrefu peke yake, wakati wewe uko ng'ambo ya bahari na mimi niko nyuma ya habari za watu wengine.

Nikamwambia mimi nitakaa hapa. Si hadi Pasaka, nitakaa.

"Wewe? Hujui hata kuwasha lile jiko."

"Nimejifunza."

"Na wali wako?"

"Mama anasema unaliwa."

"Mama hula nyasi, Dada, usimtumie kama ushahidi." Lakini alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akicheka mwaka huu. Mwishoni alirudi pale pale, kwamba atakuuliza wewe, na utakalosema ndilo litakalokuwa.

Kwa hiyo yote unayo. Mama ni mzee na anasahau sufuria. Hajasahau kitu kingine chochote ambacho mimi ningekikumbuka. Rai yangu ni kwamba abaki nyumbani kwake, nami niwe karibu na jiko. Siku nikiona mimi pia nimeshindwa, nitakuandikia kwa uwazi huu huu.

Kigangoni mambo yametulia kiasi chake. Matia aliposikia ni ya Kolumba alivua kofia, akasimama nayo mkononi katikati ya barabara. Lusia hajaomba radhi, huyo haombi, lakini leo mchana ameleta tofu ya moto amefunika kwa kitambaa, akaketi hapa verandani karibu na Mama. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kesho unaivaa?"

"Naivaa."

"Na mkono mmoja?"

"Nitaushona."

"Ukiushona kwa namna ile ile utakudondokea tena kituo cha kwanza. Mshono wenyewe niliufundisha mimi, naujua."

Mama akaichukua tofu, akaingia ndani.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye barua alipotoka ndani na ile blauzi, mkono wake, na sindano. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Alinipa nimtungie uzi. Nilitunga, nikamrudishia kama ulivyo, ncha mbili zikining'inia, kwa sababu nilijua ni nguo gani. Aliutazama, akanirudishia.

"Funga fundo," akasema. "Kesho Kolumba anatembea."

Nimefunga. Sasa anashona hapa ubavuni kwangu, anasikia kalamu, na anataka kujua kama nimekusalimia. Anasema sanda uliyomgharimia ni nzuri mno, iko sandukuni, na haina haraka. Anasema pia umwambie Hanna amwekee mtoto kijiko kilichopozwa kwenye fizi.

Msalimie Volker, na Hanna na mumewe, na umbusu mtoto kwa niaba ya bibi mkuu. Sang-gu na watoto wake wanakusalimu. Lusia anakusalimu, na anauliza kama huko nako mnafunga au mnakula soseji.

Mungu akulindie goti na moyo, akufikishe Pasaka ukiwa mzima, na simu itakapolia akupe neno la kumwambia mdogo wetu.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye,
Gyeong-nim